Kuomba Kiti Unachokitaka: Katika Boti, Basi na Bembea

Abiria atokaye Kiongoroni au Maparoni kwenda Dar es Salaam hukalia viti visivyopungua viwili kabla hajafika: ubao wa boti hadi Nyamisati, kisha kiti cha gari hadi Mbagala. Akiwa amefuatana na watoto wakati wa Sikukuu au wa maonesho ya Sabasaba, humngoja kiti cha tatu, nacho ni cha bembea. Katika kila kimoja hulipa fedha, na katika kila kimoja hutokea swali lile lile: je, mtumiaji anaruhusiwa kuchagua mahali pa kukaa, au hukaa anapoambiwa?

Kuomba anaruhusiwa wakati wote, kwa maana kuomba si kosa wala si usumbufu. Kukubaliwa ni jambo jingine. Mtoa huduma anaweza kukataa kwa sababu ya usalama, na hapo mtumiaji anapaswa kutii. Anaweza pia kukataa kwa sababu kiti kile amekwisha kukiahidi kwa mtu aliyemtilia kitu mkononi, na hapo mtumiaji hana wajibu wa kunyamaza. Sehemu kubwa ya malalamiko kuhusu viti huzaliwa pale watu wanaposhindwa kuzitenganisha sababu hizi mbili. Abiria hugombana na nahodha aliye na haki, kisha akamwachia konda asiye nayo.

Katika boti: uzito kwanza

Tuanzie majini, kwa kuwa huko ndiko kosa la kiti huweza kuondoa uhai.

Wakazi wa delta hawahitaji kufundishwa kwamba chombo ni mizani. Hata hivyo, wageni, wafanyabiashara wa kaa na kamba, watumishi wapya na wanafunzi wanaorudi likizo hupanda boti za faiba wakidhani kwamba zimefanana na Kosta, yaani kila ubao ni kiti na aliyewahi amewahi. Sivyo. Nahodha anapomwambia mtu mnene atoke omo aje katikati, hamdhalilishi. Anapanga mzigo wake. Omo ikilemewa, chombo huinamia mawimbi na maji huingia kwa mbele. Tezi ikilemewa, mashine huzama mno na omo hunyanyuka hata nahodha asione fungu lililo mbele yake. Watu wakijaa upande mmoja, wimbi dogo la ubavuni latosha kumaliza kazi.

Mwezi Septemba mwaka 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka katika Ziwa Victoria kikiwa karibu kabisa na gati la Ukara. Kiliruhusiwa kubeba watu 101. Waliopoteza maisha walizidi 200. Uzito ulikuwa umepita kiasi, na iliripotiwa kwamba abiria walisogea upande mmoja kwa pamoja wakijiandaa kushuka. Jambo hilo la kusogea ndilo linalotuhusu hapa. Kila abiria alikuwa na haki ya kutaka kushuka mapema, na hakuna aliyefanya kosa kwa peke yake. Chombo huhesabu wote kwa pamoja.

Kwa sababu hiyo, katika boti ombi la kiti hupelekwa kwa nahodha, si kwa mkusanya nauli wala kwa abiria mwenzako, nalo hupelekwa kabla ya kamba kufunguliwa. Boti ikishaondoka, hata ombi jema linaweza kuwa hatari, kwa kuwa kulitimiza kunahitaji watu wawili wasimame na kupishana. Mtu aliyesimama hupandisha uzito wa chombo juu, na chombo chenye uzito juu ni chepesi kupinduka.

Ni kiti kipi basi cha kuomba? Inategemea unachokimbia. Kwa mwenye kichefuchefu, mjamzito na mgonjwa, mahali patulivu zaidi ni katikati ya chombo, chini iwezekanavyo. Omo hupanda na kushuka zaidi kuliko sehemu nyingine yoyote, na katika boti ya mashine ziendazo kasi, ubao wa mbele humpiga mkaaji kiunoni kila wimbi linapopita. Mwenye maumivu ya mgongo asiukubali hata kama ndio wenye upepo mzuri. Tezi hutikisika kidogo, lakini huko kuna mashine, moshi na madumu ya mafuta. Mtoto mchanga na mwenye pumu wakae mbali nako. Wahenga walisema tezi na omo marejeo ni ngamani, wakiwa na maana yao nyingine. Kwa abiria mwenye kichefuchefu methali hiyo ni sahihi hata kwa maneno yenyewe.

Kuhusu kulowa, angalia msimu. Wakati wa kusi, chombo kinachotoka Nyamisati kuelekea Kilindoni, Mafia, hupokea upepo na rasharasha kwa omo na kwa upande wa kulia. Mwenye mtoto mgongoni, au mwenye karatasi za hospitali zisizopaswa kulowa, aombe upande wa kushoto. Wakati wa kaskazi mambo hugeuka. Ndani ya mito ya delta, penye mikoko pande zote mbili, upande si hoja kubwa. Hoja huja chombo kinapokaribia milango ya bahari kama Simba Uranga, mawimbi yanapoanza kuvunjika.

Maji yakipwa, nahodha anaweza kuwataka abiria wasogee mbele au nyuma ili chombo kijinasue kwenye fungu. Hapo kiti ulichopewa mwanzoni hakina hadhi yoyote tena. Fuata maelezo, sogea kwa zamu ukiwa umeinama, na usidai kurudishiwa mahali pako mpaka uambiwe.

Utii huo, hata hivyo, una masharti yake. Nahodha anayetaka asikilizwe kuhusu uzito ni lazima naye awe ameuheshimu uzito. Kabla ya kuuliza utakaa wapi, tazama mambo matatu: idadi ya watu ikilinganishwa na idadi iliyoidhinishwa kwa chombo hicho, jaketi okozi kwa kila mtu pamoja na la ukubwa wa mtoto kwa kila mtoto, na orodha ya abiria yenye majina. Kiti kisicho na jaketi si kiti. Ukiambiwa, “Kaa hapa juu ya magunia, ni karibu tu,” shuka. Nauli uliyokwisha kuilipa idai ukiwa nchi kavu. Tunafahamu kwamba ushauri huu ni mgumu kwa mtu ambaye boti nyingine haipo mpaka maji yajae tena, au ambaye anamkimbiza mgonjwa kituo cha afya. Ndiyo maana tunasisitiza jambo hili liwe la kijiji kizima. Abiria mmoja akishuka, huachwa. Wakishuka kumi, magunia huteremshwa.

Vyombo vidogo vya majini husimamiwa na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, TASAC, na huko ndiko kunakopelekwa taarifa ya chombo kinachozidisha watu au kisicho na vifaa vya kujiokolea. Kwa aliye mbali na ofisi hiyo, ofisa mtendaji wa kijiji au ofisi ya bandari ya Nyamisati ni mahali pa kuanzia.

Barabarani: kiti kilichoandikwa ni makubaliano

Ukishapanda gari, mizani ya haki hubadilika. Basi halipinduki kwa sababu mama mmoja amehama kutoka dirishani kwenda kando ya njia. Sababu ya usalama inayomruhusu nahodha kukuhamisha hapa haipo, isipokuwa mara chache, na konda anayesema “ni utaratibu wa gari” anapaswa kuulizwa utaratibu huo ni upi.

Tiketi yenye jina lako, tarehe, kiasi cha nauli na namba ya kiti ni ushahidi wa mkataba. Ukilipia kiti namba 14 na namba hiyo ikaandikwa, basi hicho ndicho ulichonunua. Mwenye gari akitaka kukibadili, anahitaji ridhaa yako. Hivyo ndivyo Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inavyotazama makubaliano ya aina yoyote kati ya watu wawili, na tiketi haikutengwa. Kinyume chake, kiti ulichoahidiwa kwa mdomo na mpiga debe pale Rangi Tatu, “Njoo mama, mbele kuna nafasi,” ni vigumu kukithibitisha. Mpiga debe mara nyingi si mwajiriwa wa gari. Ahadi yake humalizika unapokanyaga ngazi.

Kwa hiyo taja kiti unachokitaka kabla fedha haijatoka mkononi. Lugha ya kawaida yatosha. Mama mtu mzima anaweza kumwambia kijana wa tiketi, “Marahaba mwanangu. Miguu yangu haikunji vizuri, naomba kiti cha kando ya njia, na uniandikie namba yake.” Maneno ya mwisho ndiyo yenye uzito. Ukinunua kwa simu au kwa mfumo wa tiketi mtandao, ramani ya viti huonekana kabla ya kulipa. Chagua mwenyewe, na uhifadhi ujumbe wa uthibitisho mpaka uwe umefika.

Katika magari ya Kosta yaendayo Kibiti na Ikwiriri kuna mtego mmoja. Ni kile kiti cha kukunjua kinachowekwa katikati ya njia baada ya viti vya pande zote kujaa. Anayekikalia huinuka kila mtu anaposhuka, iwe Mkuranga au Bungu. Mara nyingi hana mkanda, mgongo wake hauna cha kuegemea, na likitokea la kutokea ndiye anayeziba njia ya wenzake. Nauli yake, hata hivyo, ni ile ile. Uliza mapema: “Kiti changu ni cha kudumu au cha kukunjua?” Ukiambiwa ni cha kukunjua, una hiari ya kusubiri gari linalofuata. Ndoo iliyogeuzwa, kigoda na boneti ya injini si viti kwa maana yoyote, na hulazimiki kuvilipia.

Namna ya kuchagua ni rahisi zaidi kuliko botini. Safari ya takribani kilomita 130 kati ya Dar es Salaam na Kibiti huelekea kusini. Asubuhi jua liko mashariki, yaani upande wa kushoto wa anayekwenda Kibiti. Alasiri huhamia kulia. Anayerudi Dar es Salaam ageuze hesabu. Mwenye homa, mzee, au aliyebeba mtoto mchanga aombe upande wenye kivuli. Viti vilivyo kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma hutikisika kidogo kuliko vilivyo juu ya tairi, na safu ya mwisho kabisa hurusha watu. Katika njia inayochepuka Bungu kwenda Nyamisati tofauti hiyo huhisiwa na kila kiuno. Mwenye kutapika atafute kiti cha katikati kinachomwezesha kuona mbele, asielekeze macho kwenye simu.

Tukumbushe hili pia: kiti kizuri kuliko vyote ni kile chenye mkanda unaofunga. Jaribu mkanda kabla ya kuketi. Wengi hupigania kiti cha mbele kwa ajili ya upepo na mandhari ya Rufiji kutoka juu ya Daraja la Mkapa, na hawautazami mkanda wake. Bila mkanda, kiti hicho ndicho kinachomrusha mtu kiooni gari linapofunga breki.

Je, konda anaweza kudai fedha ya ziada kwa kiti cha mbele au cha dirishani? Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, huweka ukomo wa nauli kwa mabasi ya daraja la kawaida na la kati. Katika viwango vilivyoanza kutumika Desemba 2023, ukomo wa mabasi ya masafa marefu kwenye barabara ya lami ulikuwa shilingi 48.47 kwa abiria kwa kilomita katika daraja la kawaida, na shilingi 67.84 katika daraja la kati. Viwango hivyo huhesabiwa kwa daraja la basi zima. Dirisha halina kiwango chake. Elfu moja inayodaiwa “kwa ajili ya mbele” huongezeka juu ya nauli, na jumla yake ikivuka ukomo, imevunja masharti ya leseni hata kama uliitoa kwa hiari. Kwa kuwa viwango hubadilika, soma tangazo la nauli linalotumika wakati wa safari yako.

Tatizo linalokera kuliko yote ni kiti kimoja kuuzwa mara mbili. Abiria wawili husimama wakitazamana, kila mmoja akiwa na tiketi yenye namba ile ile, huku aliyeziuza ametoweka. Msigombane ninyi kwa ninyi. Wote wawili mmedhulumiwa na mtu wa tatu. Piga picha tiketi zote mbili, andika namba ya usajili wa gari na saa, kisha wote mmgeukie msimamizi wa gari. Anayekosa kiti anastahili kiti kingine cha hadhi hiyo hiyo au kurudishiwa nauli yake yote papo hapo, akiwa bado kituoni. Usikubali kusimama hadi Mkuranga kwa ahadi kwamba “kuna mtu atashuka.” Gari likishaondoka, nguvu yako ya kudai imebaki kituoni.

Mtu mwenye ulemavu, mjamzito, mzee na mgonjwa wana hoja nzito zaidi kuliko ombi la kawaida. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki yao ya kuzifikia huduma zitolewazo kwa umma, na kumwambia mwenye magongo akakae safu ya mwisho wakati viti vya karibu na mlango vipo ni kumzibia njia. Hapa ndipo abiria mwingine anaweza kuombwa ahame ingawa amelipia namba yake. Aombwe, asiburuzwe; na apewe kiti kisichopungua alichokiacha.

Lalamiko lisilomalizwa kituoni hupelekwa LATRA, au kwa Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri Ardhini, LATRA CCC, ambalo kazi yake ni kusimama upande wa mtumiaji. Askari wa usalama barabarani naye anaweza kuelezwa pale gari limezidisha watu. Lalamiko lenye tiketi, namba ya gari, tarehe na saa hushughulikiwa. Lalamiko la “basi moja jeupe, Jumamosi” huishia masikioni.

Kwenye bembea: mkubwa akae wapi?

Viwanja vya Mwalimu Nyerere, yanakofanyika maonesho ya Sabasaba kila Julai, viko kando ya barabara ile ile ya Kilwa inayofika Kibiti. Watoto wengi wa wilaya hii huonja bembea za mashine kwa mara ya kwanza wanapopelekwa Dar es Salaam, huko au katika viwanja vya michezo vya jijini. Mtoto hutaka kiti cha mbele, au farasi mwekundu, au kukaa peke yake kama wakubwa. Mzazi aliyekwisha kulipa hutaka mtoto aridhike.

Ombi la namna hii ni halali kabisa na mara nyingi hukubaliwa. Katika viwanja vikubwa vya nchi kama Marekani, penye treni za michezo zinazopanda na kuporomoka kwa kasi, anayetaka safu ya mbele huambiwa tu asubiri katika foleni yake. Mbele huona kila kitu. Nyuma huvutwa kwa nguvu zaidi treni inapovuka kilele, na wapo wanaopenda huko. Lakini pale mhudumu anapokataa, yuko karibu na nahodha kuliko na konda: kukataa kwake huwa kumetokana na urefu wa mtoto, uzito wa wakaaji, au upande uliobaki mtupu.

Katika bembea zinazozunguka kwa kasi, watu wawili wakikaa kiti kimoja, mzunguko humsukuma kila mmoja kuelekea nje. Mtoto akikaa upande wa nje, uzito wote wa mzazi humwangukia ubavuni. Kwa hiyo mkubwa hukaa nje, mdogo ndani, karibu na mhimili. Mhudumu akiwapanga hivyo, msibadilishane. Asipowapanga, pangeni wenyewe, au muulizeni kabla chuma cha kufungia hakijashushwa.

Chuma hicho, au mkanda, ndicho cha kukaguliwa kabla ya rangi ya farasi. Kivute. Kikifunguka kwa mkono wa mtoto, ombeni kiti kingine. Na mhudumu akisema vyote ndivyo vilivyo, mtoeni mtoto. Mtoto aliyekataliwa baada ya kulipiwa, kwa sababu ya kimo chake ambacho mkata tiketi alikiona tangu dirishani, anastahili kurudishiwa fedha yake yote. Kama kibao cha kimo hakikuwekwa penye kuonekana, au tiketi iliuzwa kwa maelezo ya kupotosha, hilo laweza kufikishwa Tume ya Ushindani, FCC, chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inayokataza upotoshaji wa watumiaji. Kwa hiyo msiitupe ile karatasi ndogo ya tiketi langoni, hata kama mtoto anaitaka aichezee.